Ugonjwa mzito na maandalizi ya kufa kwa njia ya Kibuddha: hatua kwa hatua

Nilianza kuyajua haya Muscat, Oman, katika chumba cha wafanyakazi chenye vitanda viwili na dirisha linalotazama ukuta. Mwenzangu alikuwa dada Msinhala kutoka Kurunegala, Sri Lanka. Mama yake alikuwa anakufa kwa saratani ya ini huko nyumbani, na kafili, yaani mwajiri wake, hakumpa ruhusa ya kusafiri. Kwa wiki tano, kila usiku vyombo vikishaoshwa, nilimwona akimuuguza mama yake kwa simu. Sikujua kwamba inawezekana. Niliporudi nyumbani niliendelea kuuliza na kusoma, na huu mwongozo ndio matokeo yake.

Namwandikia mtu anayeumwa na ameishika njia hii, na namwandikia zaidi ndugu au jirani anayemuuguza mtu wa namna hiyo na hajui afanye nini. Ubuddha una matawi mengi. Hapa nafuata Theravada ya Sri Lanka, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwa macho, na ndiyo iliyo karibu nasi: hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lilianzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi enzi za ukoloni, na kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe kilianzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, wa mapokeo hayohayo.

Hatua ya kwanza: tafuta tiba, na sema ukweli

Wapo wanaodhani Mbuddha akiugua hukunja miguu tu akangoja siku yake. Sivyo. Dawa ni mojawapo ya mahitaji manne ya mtawa, pamoja na vazi, chakula na malazi, na katika kanuni za watawa kuna sura nzima ya dawa: samli, asali, mafuta, mizizi. Buddha mwenyewe alikuwa na tabibu, Jivaka. Kwa hiyo vipimo kwanza, na daktari aulizwe waziwazi: ugonjwa huu unapona, unatulizwa, au tunahesabu miezi? Bila jibu hilo hatua zote zinazofuata zitafanywa kwa kubahatisha.

Kanuni hizo hizo zinataja mambo matano yanayomfanya mgonjwa awe mwepesi kuuguzwa. Hufuata kinachomfaa. Hujua kiasi hata katika hicho kinachomfaa. Hunywa dawa zake. Huvumilia maumivu. Na humwambia muuguzaji hali ilivyo: imezidi, iko vilevile, imepungua. Hili la mwisho ndilo linalotushinda wengi. Mgonjwa akiulizwa anasema "sijambo", kwa adabu tu, huku shuka ameishika kwa meno. Weka kijidaftari kando ya kitanda. Asubuhi na jioni andika neno moja kati ya hayo matatu. Daktari atakushukuru.

Muuguzaji naye ana matano yake: ajue kuandaa dawa; ajue kinachofaa na kisichofaa, alete hiki na aondoe kile; auguze kwa huruma, si kwa kutazamia kitu; asichukie kutoa haja, mkojo, matapishi na makohozi; na aweze, mara mojamoja, kumtia moyo mgonjwa kwa mazungumzo ya dharma, yaani mafundisho ya Buddha. Angalia mpangilio huo. Mahubiri ndiyo ya mwisho, na ni ya mara mojamoja. Ndoo inakuja kwanza.

Kisa kilichozaa mafundisho hayo kinajulikana sana Sri Lanka. Mtawa mmoja aliugua tumbo la kuhara, akalala ndani ya uchafu wake, wenzake wamemwacha kwa kuwa hakuwa na faida kwao. Buddha alipita na Ananda, msaidizi wake. Akamtuma Ananda maji. Buddha akamimina, Ananda akaosha. Kisha Buddha akashika upande wa kichwa, Ananda upande wa miguu, wakamlaza kitandani. Ndipo akawaambia watawa: hamna mama wala baba wa kuwauguza, msipouguzana, nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, na amuuguze mgonjwa.

Hatua ya pili: tenga mshale wa kwanza na wa pili

Buddha alifundisha kwamba mtu asiyezoezwa akipatwa na maumivu ya mwili huwa kama aliyepigwa mshale, kisha akapigwa wa pili palepale. Wa kwanza ni maumivu. Wa pili ni yale tunayoyaongeza: kwa nini mimi, nilimkosea nani, watoto watakula nini, laiti ningalikwenda hospitali mapema. Mshale wa kwanza ni wa daktari. Wa pili ndio wa zoezi hili.

Lala unavyoweza, hakuna haja ya kukaa. Sikia mahali mwili unapogusa godoro: kisigino, nyonga, bega. Weka kiganja tumboni na uache pumzi iende inavyotaka, usiivute. Maumivu yakija, usiyakimbie na usiyakumbatie. Yape jina la kawaida: yanachoma, yanavuta, yanapwita. Angalia yanaanzia wapi na yanaishia wapi, maana mara nyingi mtu husema "mwili wote unauma" kumbe ni pahali pa upana wa kiganja. Mawazo yakija, yape jina moja, "wasiwasi", kisha rudi kwenye kiganja. Dakika tano zatosha. Maumivu yakiwa makali mno, acha zoezi na uombe dawa.

Hapa naomba nieleweke, kwa sababu nimekutana na wagonjwa wanaojitesa. Kuna dhana kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, inavunja nadhiri ya tano kati ya zile tano za Mbuddha, ile ya kujiepusha na vileo. Nadhiri hiyo inahusu vinavyolewesha na kumfanya mtu mzembe. Dawa aliyoandika daktari kwa kipimo haimo humo. Kinachotakiwa ni kuzungumza na daktari mapema: nataka maumivu yapungue, na nikiweza nibaki na fahamu za kutosha kuzungumza na watu wangu. Uganda, tangu kazi ya hospisi, huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, mofini ya maji hunywewa nyumbani, na wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika. Ulizia ilivyo mahali ulipo. Buddha mwenyewe uzeeni aliumwa mgongo, akakatisha mkutano na kumwambia Ananda aendelee kufundisha ili yeye ajinyooshe. Akiwa na miaka 80 aliufananisha mwili wake na mkokoteni mkuukuu unaokwenda kwa kufungwafungwa kamba. Kama yeye alisema unauma, nawe sema.

Kwa mzee atakayechoka na mafunzo marefu, kuna sentensi moja. Mzee Nakulapita alimwendea Buddha akiwa dhaifu na mgonjwa, akaomba neno. Akaambiwa ajizoeze hivi: ijapokuwa mwili wangu unaumwa, moyo wangu hautaumwa. Iandike kwa herufi kubwa, ibandike ukutani.

Hatua ya tatu: kifo kitajwe kila siku, kwa kifupi

Wabuddha wengi husoma makumbusho matano kila siku, wazima na wagonjwa: nitazeeka, nitaugua, nitakufa, nitatengana na vyote nivipendavyo, matendo yangu ndiyo mali yangu ya kweli. Si kutishana. Anayeyasema akiwa na afya hayamshtui anapoyasikia kutoka kwa daktari.

Kuna siku Buddha aliwauliza watawa wanakumbukaje kifo. Mmoja akasema: nawaza, laiti ningeishi usiku na mchana mmoja. Wengine wakazidi kupunguza, hadi mmoja akasema, muda wa kutafuna tonge moja na kulimeza. Mwingine, muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Buddha akasema hao wawili wa mwisho tu ndio wanaokumbuka kwa makini, waliobaki wanazembea. Nawe unaweza kulitumia hilo tonge. Ukianza kula, tonge la kwanza litafune ukijua tu kwamba unatafuna.

Hatua ya nne: mazungumzo ya kumfungua mgonjwa

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Mahanama, ndugu wa ukoo wa Buddha, aliuliza: mtu wa nyumbani mwenye busara akiugua sana, mwenzake amzungumzie nini? Jibu lina mpangilio. Kwanza, mkumbushe kwamba ana pa kuegemea: imani yake kwa Buddha, kwa dharma, kwa jumuiya ya watawa, na maisha yake ya uadilifu. Kisha muulize: una wasiwasi juu ya mama na baba? Akisema ndiyo, mwambie kwa upole: wewe utakufa, ukiwa na wasiwasi utakufa, usipokuwa nao utakufa, basi uweke chini. Halafu muulize juu ya mke na watoto. Halafu juu ya starehe za dunia. Ni baada ya hayo tu ndipo unapoupandisha moyo wake kwenye mambo ya juu, hatua moja baada ya nyingine.

Nina neno hapo. Ukimwambia mama mwenye watoto watatu "weka wasiwasi chini" na hujui karo italipwa na nani, umemtupia maneno. Ndiyo maana napenda kisa cha pili, cha mke wa yule mzee Nakulapita. Mumewe alipokuwa mahututi, Nakulamata hakumsomea chochote. Alimwambia: usife na wasiwasi juu yetu, kufa na wasiwasi ni mateso. Labda unafikiri nitashindwa kulea watoto. Mimi najua kusokota pamba na kuchambua sufu, nyumba itasimama. Labda unafikiri nitakwenda kwa mume mwingine; sitakwenda. Labda unafikiri nitaacha kuwaona watawa na kushika maadili, sitaacha. Akataja wasiwasi mmojammoja na kuufungua mmojammoja. Mzee akapona, akaenda kumsimulia Buddha akiwa na mkongojo.

Basi fanya kama Nakulamata. Kabla ya kuketi kitandani, ujue majibu. Madeni: nani anadai, nani anadaiwa, kiasi gani. Shamba au kiwanja: hati iko kwa nani. Kikoba na chama cha kufa na kuzikana: michango imefika wapi. Sri Lanka karibu kila kijiji kina chama cha namna hiyo, na dada yangu wa Muscat alikuwa akimtumia mdogo wake ada ya mama kila mwezi, hata mwezi ule ambao yeye mwenyewe alikopa. Wosia uandikwe mgonjwa angali na akili timamu, mbele ya mashahidi. Na kama yupo mtu wa kuombwa radhi, aitwe, au apigiwe simu. Halafu ndipo ukae, ushike mkono, uulize swali la Mahanama.

Waswahili husema maiti haulizwi sanda. Muulize angali hai. Azikwe au achomwe? Njia hii inaruhusu yote mawili. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina mahali pa kuchomea maiti pa jumuiya za Kihindu, lakini mipango ifanywe mapema, hasa kama ukoo umezoea kuzika. Na macho yake? Sri Lanka watu wengi husaini kutoa macho baada ya kufa, tangu Daktari Hudson Silva alipoanzisha chama cha kutoa macho mwaka 1961. Wanamkumbuka Mfalme Sivi wa hadithi za maisha ya zamani ya Buddha, aliyempa kipofu macho yake. Kama mgonjwa anataka hivyo, ulizia hospitali sasa, maana macho huchukuliwa ndani ya saa chache.

Hatua ya tano: daftari la thawabu

Mfalme Dutugemunu wa Anuradhapura, Sri Lanka, aliyetawala karne ya 2 kabla ya Kristo, aliugua kabla Stupa Kuu, kuba kubwa la ibada, aliyokuwa akiijenga haijakamilika. Mdogo wake aliifunika kwa vitambaa vyeupe ili aione kama imekwisha. Mfalme akabebwa kwenye machela, akalala anaitazama, na kitabu cha thawabu zake kikasomwa mbele yake: mahekalu aliyojenga, sadaka, hospitali, taa. Aliposikia hayo yote alisema hayaufurahishi moyo wake kama zawadi mbili alizotoa akiwa katika dhiki: chakula cha mtama alichowapa watawa watano wakati wa njaa, baada ya kuuza hereni zake, na chakula alichompa mtawa siku aliposhindwa vitani na kukimbia.

Daftari hilo bado lipo katika desturi. Mama wa Kurunegala hakuwa nalo. Binti yake akanunua daftari la mistari, na kwa siku kama kumi alikuwa akiandika kila anachokumbuka, akimpigia shangazi yake kuuliza mwaka. Aliandika ndoo za maji walizowapa mafundi wa barabara. Mikeka ya hekalu. Taa za mafuta ya nazi za Vesak, sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha. Yule jirani aliyefukuzwa na mumewe akalala kwao miezi miwili. Usiku mmoja akaniuliza kama kumpa paka wa mtu mwingine wali kila siku ni thawabu au ni mazoea. Nikamwambia aandike.

Halafu akaanza kusoma. Saa nne za usiku kwetu, kwao saa tano na nusu. Mdogo wake aliweka simu kwenye mto, karibu na sikio la mama. Ukurasa mmoja, polepole, kwa sauti ya mtu anayesimulia, si ya mtu anayesali. Wakati mwingine upande wa pili kulikuwa kimya kabisa. Alipofika kwa yule jirani, mama alisema kitu, mwenzangu akacheka. Mama alikuwa amemsahihisha: haikuwa miezi miwili, ilikuwa mitano.

Ukimwandikia mgonjwa wako, usiandike sifa. "Alikuwa mtu mwema" haimkumbushi chochote. Andika siku, chombo, jina la aliyepewa. Na weka mbele yale aliyoyafanya akiwa hana kitu.

Hatua ya sita: chumba na saa za mwisho

Weka sanamu au picha ya Buddha mahali anapoiona bila kugeuza shingo. Maua mabichi, taa ndogo. Udi uachwe kama kifua kinabana. Zima televisheni. Ugomvi wa ndugu ufanyiwe nje ya geti.

Mwite mtawa angali anasikia. Atasoma piriti, maneno ya ulinzi, na kwa mgonjwa huchaguliwa mara nyingi hotuba aliyosomewa mtawa Girimananda alipokuwa mgonjwa sana: tafakuri kumi, kuanzia kutodumu kwa vitu hadi kuangalia pumzi. Uzi mweupe hushikwa na wote waliomo wakati wa kusoma, kisha kipande chake hufungwa kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. Japani wanalo jambo la jamaa hiyo: tangu zama za mtawa Genshin, aliyeandika juu ya kufa vizuri mwaka 985, anayekufa alishikishwa nyuzi za rangi tano zilizofungwa kwenye mkono wa sanamu ya Amida, Buddha anayetegemewa na wengi huko. Mtawa asipopatikana, rekodi ya kwenye simu inafaa, kwa sauti ya chini.

Kiswahili chetu husema mtu amekata roho. Mbuddha hasemi kuna roho isiyobadilika inayotoka. Husema fahamu huendelea kama kibatari kinachowashwa kwa moto wa kibatari kingine. Ndiyo sababu hali ya moyo saa ile inatunzwa sana, na ndiyo sababu kilio cha kupasua huombwa kifanyike chumba cha pili.

Lakini je, aliyekufa akiwa amepoteza fahamu, au kwa ajali? Mahanama aliliuliza hilo pia. Alikuwa akirudi mjini jioni, barabarani tembo na magari ya farasi, akawaza: nikifa hapa nimetaharuki, nitakuwaje? Buddha akamwambia asiogope. Chungu cha samli kikivunjiwa ndani ya maji, vigae huzama na samli huelea. Moyo uliolelewa miaka mingi haupotei kwa dakika moja mbaya. Mwambie hivyo mfiwa anayejilaumu kwamba alikuwa ametoka kununua dawa.

Uliza mapema ni wa mapokeo gani. Wabuddha wengi wa Kichina na wa Tibet huomba mwili usiguswe kwa saa kadhaa. Kwa Theravada ya Sri Lanka unaweza kuoshwa mapema. Waambie wauguzi wa zamu kabla, si baada ya kitanda cha chumba cha maiti kufika mlangoni.

Hatua ya saba: baada ya kufa

Huko Sri Lanka vibendera vyeupe hutundikwa njiani, watu huvaa nyeupe, na nyumba ya msiba haiwashi jiko. Majirani ndio wanaoleta chakula. Watawa hupewa kitambaa cheupe kwa ajili ya marehemu, wakasoma kwamba vyote vilivyoungwa havidumu, huzuka na kutoweka. Kisha wafiwa hushika birika pamoja na kumimina maji ndani ya kikombe mpaka kinafurika, huku yakisomwa maneno haya: kama mito iliyojaa inavyoijaza bahari, vivyo hivyo kinachotolewa hapa kiwafikie waliotangulia. Siku ya saba watawa hulishwa, tena baada ya miezi mitatu, tena baada ya mwaka. Aliyezoea arubaini hatapata shida kuelewa.

Ukiwa mbali, hayo yanafanyika pia. Siku ya saba ya mama yake, mwenzangu alipika wali na dengu, akampelekea mlinzi wa jengo la jirani, Mbangladeshi aliyekuwa na njaa daima. Akarudi chumbani, akaweka kikombe cha chai juu ya sahani, akaniambia nami nishike birika. Tukamimina. Simu ilikuwa wazi juu ya kitanda, watawa wanasikika kutoka Kurunegala. Maji yakajaa kikombe, yakafurika kwenye sahani, yakaanza kumwagika mezani, naye hakuacha kumimina mpaka walipomaliza kusoma.